Imetoka Juu, Chomoeni

Mwanamke mrefu kuliko wote katika nyumba yetu anaitwa Bi Chini. Wapangaji wageni hudhani ni utani, wengine hudhani ni tusi na kuogopa kulitamka mbele yake. Wangeuliza wangeambiwa, lakini siku hizi jirani haulizwi kitu. Mtu anaiuliza simu yake kama mvua inanyesha, na huku yeye mwenyewe yuko uani, ameloa.

Jina hilo alilipata kazini. Miaka ishirini na tisa alikuwa opereta kwenye kituo cha simu cha mji huu, enzi zile simu ilipopita mikononi mwa mtu kabla ya kufika kwa mtu mwingine. Ulinyanyua mkono wa simu, ukasikia sauti ya binadamu, ukamwambia unamtaka nani, naye akachukua waya wenye ncha ya shaba na kuuchomeka kwenye tundu la huyo unayemtaka. Ukisalimia vizuri uliunganishwa upesi. Usiposalimia uliunganishwa pia, ila ulisubiri kidogo ukajifunza adabu. Leo unaongea na mashine inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, na hata ukiitukana haijali.

Kituo chetu kilikuwa bondeni. Kilichofuata kilikuwa mlimani, mwendo wa saa moja kwa gari, na waya ulipanda huko nguzo baada ya nguzo. Maopereta hawakuitana kwa majina yao wakiwa kazini. Wa kule aliitwa Juu, wa hapa aliitwa Chini. Kwa miaka mingi Juu alikuwa kijana mmoja mwenye sauti nzito, na Chini alikuwa yeye, na baada ya muda hata mama yake mzazi akawa anamwita Chini.

Radi na simu za waya zilikuwa na uadui wa muda mrefu. Radi ikipiga nguzo, ilifuata waya mpaka kwenye masikio ya opereta aliyevaa vile vikombe vya kusikilizia. Mama aliyemtangulia Bi Chini kwenye kiti kile aliondoka kazini akisikia kwa sikio moja tu. Kwa hiyo wao kwa wao walijiwekea utaratibu ambao haukuandikwa katika kitabu chochote cha ofisi. Mvua kubwa za huku huanzia mlimani. Ikishafika kwa Juu, Juu alifungua laini na kusema neno moja: "Imetoka." Chini akajua ana kama dakika arobaini. Aliwaambia wenzake, nyaya zikachomolewa zote ubaoni, vikombe vya masikio vikatundikwa msumarini, watu wakakaa mikono mapajani kama wanaosubiri kupigwa picha, wakaisikiliza radi ikipita juu ya mapaa bila kumgusa mtu.

Kituo kilifungwa. Jengo lenyewe lipo, sasa linauza magodoro. Bi Chini alipewa cheti na saa ya ukutani iliyokwama kabla ya kumaliza mwaka mmoja, akarudi kwenye chumba chake, namba tatu katika nyumba yetu ya vyumba vinane vinavyotazamana kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji. Mimi niko namba tano. Siku simu za mkononi zilipoenea na binti yake akamnunulia ya kwake, mtu wa kwanza kumpigia hakujitambulisha wala hakusalimia. Alisema, "Imetoka." Bi Chini alikata simu, akainuka, akaenda kuchomoa pasi na redio, kisha akakaa. Ndipo akakumbuka kujiuliza namba yake Juu kaipata wapi.

Tangu hapo, kwa mwaka wa kumi na nne sasa, mambo ni hayo hayo. Juu ni mzee mstaafu anayefuga kuku, na katika maisha yao yote wameonana uso kwa uso mara mbili. Kila mvua inapomfikia anapiga simu, na Bi Chini anapita ukumbini mlango kwa mlango, anagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole na kusema, "Imetoka Juu, chomoeni." Wapangaji humtania kwamba huyo wa Juu ni bwana wake aliyemficha huko mlimani. Yeye hujibu kwamba alimsikia akikoroma zamu nyingi sana laini ikiwa wazi, na bado hajamaliza kupumzika na mkoromo huo.

Angalia kwamba hasemi "zimeni". Anasema "chomoeni", na ukimwonyesha kwamba umezima swichi ya ukutani atakuangalia kama mtoto aliyenawa mkono mmoja. Nimemsikia akilieleza jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulieleza mwenyewe usingizini. Swichi ukiizima, ndani yake vyuma huachana kwa uwazi mdogo tu, unene wa kucha. Kitu kilichoruka kutoka mawinguni mpaka ardhini hakitashindwa kuruka unene wa kucha. Kwa hiyo plagi itoke ukutani, uione mkononi. Luninga ina nyaya mbili, wa umeme na wa antena, na watu huchomoa wa kwanza wakausahau wa pili, halafu wanashangaa luninga imekufa na plagi walikuwa wameishika. Friji ichomolewe na mlango wake ubaki umefungwa, vyakula vitatulia. Simu itoke kwenye chaja, na chaja itoke ukutani. Simu ambayo haiko kwenye chaja haina ubaya, ongea nayo utakavyo. Ekstensheni itoke kule kwenye tundu la ukutani pamoja na ukoo wake wote. Na mtu asisubiri mpaka radi iwe juu ya bati ndipo akimbilie plagi, maana wakati huo anayestahili kuokolewa ni yeye mwenyewe. Ikishafika, kaa mbali na nyaya na uache vitu vife kama vinakufa.

Nyumba ya jirani, ambako wanamcheka Bi Chini, imezika luninga tano. Sisi hatujazika hata redio. Fundi wa kona hutusalimia bila furaha.

Sasa nije kwa mkwe wake.

Bi Chini ana mtoto mmoja, binti, na binti huyo ameolewa na fundi wa kutarizi. Wamepanga chumba cha mbele cha nyumba hii hii, kinachotazama barabarani, ndiyo karakana yao, na humo imo cherehani ambayo mimi mzee sijawahi kuona kitu kama hicho. Ni kubwa kama kitanda cha mtoto. Ina sindano sita na nyuzi za rangi sita, na haiendeshwi na mguu wala mkono. Inasoma mchoro kutoka kwenye kompyuta ndogo iliyo pembeni na kushona yenyewe, nembo, majina, maua, chochote. Fundi anafunga nguo kwenye fremu, anabonyeza, anakaa. Zamani fundi alitarizi wiki nzima na ukimwangalia mkono ulijifunza kitu. Ukiiangalia mashine hii unasinzia. Lakini nisimwonee kijana. Aliitafuta kwa miaka saba, akishonea watu suruali kwa cherehani ya kukanyaga, na siku ilipoletwa alikaa nayo kimya mpaka mkewe akadhani anaumwa. Hana nyingine ya kuziba nafasi yake. Ikifa hiyo, anarudi kwenye suruali, na umri wa macho yake hautarudi naye.

Tatizo la cherehani hiyo ni moja. Umeme ukikatwa katikati ya mchoro, inasahau ilipofika. Ikiwashwa inaanza upya pale pale juu ya ilichokwisha kushona, nyuzi zinapandana, kitambaa kinajikunja, nguo imeharibika. Hiyo ndiyo nguo ya mteja.

Na msimu huu Juu alianza kukosea. Mara tatu alipiga simu, mara tatu Bi Chini akagonga, mara tatu mkwe akachomoa cherehani katikati ya kazi, na mara tatu jua likaendelea kuwaka kama kawaida. Nguo tatu zikaharibika. Mkwe hakusema neno. Mtu hamfokei mama wa mke wake, na huyu kijana amelelewa vizuri kuliko wenzake. Alikuwa anajibu "sawa mama", anachomoa, anakaa anaitazama nguo. Wapangaji walisema kwa niaba yake. Walisema mzee wa Juu amezeeka. Walisema simu zao zinaonyesha hali ya hewa saa kwa saa bila kumsumbua mtu, na mwenye karakana amenunua gadi, kile kisanduku chenye taa ya kijani na nyekundu kinachokaa kati ya plagi na ukuta na kukata umeme ukizidi, kwa hiyo kelele za nini.

Mwishowe binti akamwita mama yake pembeni. Alimweleza kwa upole kwamba kuna kazi kubwa imepatikana, makoti meupe ishirini na manne ya chuo cha wauguzi, kila koti nembo yake kifuani, na chuo kimesema koti moja likiharibika kazi zote zijazo zinahamia kwa mtu mwingine. Akamwomba asigonge tena mlango wa mbele. Gadi ipo, itatosha. Bi Chini alikubali. Alisema hatagonga. Alirudi ukumbini, akakaa kwenye benchi karibu nami, na kwa muda mrefu alikuwa anakunjua na kukunja pindo la gauni lake.

Basi siku hiyo ilikuwa saa nane na nusu mchana. Jua kali, nguo za watu kwenye kamba, mbwa wa jirani amelala kivulini mwa ngazi. Kutoka chumba cha mbele tulisikia ile cherehani, tak-tak-tak bila kupumzika, makoti ishirini yameshakunjwa mezani, la ishirini na moja liko chini ya sindano. Simu ya Bi Chini ikalia. Aliisikiliza kwa muda usiotosha kusema shikamoo, akaishusha.

Akainuka. Akaanza na namba nane mwisho wa ukumbi, akaja namba saba, sita, akanigongea na mimi ingawa tulikuwa tumekaa pamoja, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Wengine walichomoa wakiguna. Wa namba sita alimwonyesha simu yake, jua la njano limechorwa humo, akamuuliza kama mzee wa kuku anajua kuliko setilaiti. Bi Chini alimwambia achomoe kwanza wabishane baadaye. Akafika namba moja. Mbele yake ukabaki mlango wa karakana, uko nusu wazi, na tak-tak-tak inatoka humo.

Hakugonga. Alisimama hapo kama mtu aliyefika kwenye mto bila kujua kina. Nikamwona anarudi, anakaa, anainuka tena. Nilimwambia amwache, kijana ana gadi. Aliniambia gadi ni askari wa umeme wa nguzoni, umeme unaopanda na kushuka, na huo anauweza. Radi haiheshimu askari. Kisha alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu nimjue, kwamba hata yeye hajui kama leo ni kweli. Akikaa kimya na mvua ikaja, cherehani itakufa akiwa anajua. Akiingia na mvua isije, atakuwa amevunja neno lake na koti litakuwa limeharibika, na binti yake hatamgombeza, na hilo ndilo baya zaidi.

Akachukua simu, akampigia Juu mwenyewe. Siku zote Juu ndiye anayepiga. Sikuwahi kuona ikienda upande wa pili.

"Juu," alisema, "umeiona au umeisikia?"

Aliweka simu mbali kidogo na sikio, maana siku hizi mzee yule anaongea kwa sauti ya kuvuka bonde, nami nikasikia kila kitu. Mzee akakiri, kwa sauti iliyoshuka, kwamba zile mara tatu alikuwa ameisikia tu. Kule nyuma ya kilima wamefungua machimbo ya kokoto, wanalipua mawe kwa baruti, na masikio yake hayatofautishi tena. Alikuwa amelijua hilo tangu wiki iliyopita na ameona aibu kulisema.

"Na leo?"

"Leo nimeiona. Niko ndani, kuku wako ndani, shati langu liko kwenye kamba linachuruzika. Nimehesabu kutoka mwanga mpaka ngurumo, nikapata tatu. Iko juu ya kichwa changu, Chini, na upepo unakuja kwenu."

Hapo uso wa Bi Chini ulibadilika. Ulirudi kuwa uso wa kazini, ule niliouona zamani kupitia dirisha la kituo nilipokuwa nikienda kulipia simu. Akatazama saa ya simu. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimeshapita tangu neno la kwanza.

Aliingia karakana bila kugonga, nami nikamfuata mpaka mlangoni, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Binti aliyekuwa anapiga pasi ya makaa aliinua macho na kusema "Mama" kwa namna ya kumkumbusha. Mkwe alikwishanyoosha mkono kuelekea ukutani kwenye plagi. Hakubisha. Alikuwa anaharibu koti kwa adabu.

"Usichomoe, baba," Bi Chini akamwambia. "Hilo koti limebakiza muda gani?"

Kijana alishangaa kuulizwa. Akaangalia kioo kidogo cha cherehani. Alisema zimebaki dakika kumi na saba.

"Una ishirini na tano. Limalize. Usifunge jingine."

Akavuta kigoda, akakaa. Ndipo, huku sindano ikiendelea, alipowaeleza kitu ambacho nadhani hakuwahi kuwaeleza, kwa sababu hawakuwahi kumuuliza. Kituoni, alisema, opereta hakuruhusiwa kumkatia mtu maongezi. Mtu anaweza kuwa anaposa, anaweza kuwa anapewa habari ya msiba. Radi ikiwa njiani, opereta aliingia kwenye laini taratibu, akaomba radhi, akawaambia waongeaji kwamba mvua inakuja, wana dakika kadhaa, wamalizie yale ya muhimu. Na watu walimalizia. Wengi walisema mambo ya maana zaidi katika dakika hizo tatu kuliko katika nusu saa iliyotangulia. Hapa nyumbani, alisema, sijui kwa nini nimekuwa nikiwakatia.

Mkwe alicheka kidogo, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema yeye naye hakuwahi kumwambia kwamba kazi ina dakika za kuhesabika. Aliona kama kumbishia mkubwa.

Dakika ya kumi, upepo wa kwanza ulipiga mlango. Nguo kwenye kamba zikasimama. Dakika ya kumi na mbili mwanga ukafifia kama mtu amefunika dirisha kwa shuka, na wa namba sita alionekana ukumbini anaitazama simu yake, kisha anga, kisha simu yake. Sindano ilikuwa bado inazunguka nembo, inabadili uzi mwekundu kuwa wa bluu, haina haraka. Binti aliacha pasi. Ngurumo ilisikika, mbali, na Bi Chini akahesabu midomo ikitembea bila sauti. Alisema iko mbali bado. Dakika ya kumi na tano akahesabu tena na hakusema kitu. Mkwe alikuwa ameshika plagi kwa vidole viwili bila kuivuta, jasho limemjaa shingoni.

Cherehani ikapiga mlio wake wa kumaliza. Kijana akavuta. Taa ya gadi ikazimika, karakana ikawa kimya kabisa, na koti la ishirini na moja lilikuwa zima kifuani mwake.

Alijipangusa uso, akadhani tumemaliza. Bi Chini alikuwa anainama chini ya meza, kwa umri wake na urefu wake.

"Na huu waya wa maneno?" akauliza.

Tulitazama tulipokuwa hatutazami. Kutoka kwenye kompyuta ndogo waya mmoja uliingia kwenye cherehani, ndio uliobeba michoro. Na waya mwingine, wa bluu, ulitoka nyuma ya kompyuta hiyo hiyo, ukapanda ukutani, ukapita juu ya mlango, ukaingia ukumbini kwenye kisanduku cha intaneti, na kutoka hapo ukaenda juu kwenye dishi lililo juu ya paa. Kompyuta ilikuwa inatumia betri yake, hakuna plagi, na kwa hiyo kila mtu aliiona iko salama. Miaka ishirini na tisa Bi Chini aliiogopa radi kwa sababu ya waya uliobeba maongezi, sio uliobeba umeme. Alimwambia kijana achomoe zote mbili, wa bluu na wa michoro, aweke ncha zake mbali na meza. Alichomoa. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

Ilipokuja ilikuja kweli. Sitaieleza sana, kila mtu ameshaona mvua. Kulikuwa na radi ile moja, mwanga na kishindo kwa pamoja bila nafasi ya kuhesabu, mpaka vikombe vikalia kabatini, na kutoka ukumbini tukasikia pah, kama kibiriti kikubwa, ikifuatiwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

Kilikuwa ni kisanduku cha intaneti. Kilining'inia pale juu ya mlango wa ukumbi kimeungua tumbo, na mstari mweusi ukutani kuelekea paani. Wapangaji wanane tulichangia kukinunua. Kila mmoja alikuwa amechomoa vyake, na kile kilichokuwa chetu wote hakuna aliyekichomoa, kila mtu akidhani ni cha mwenzake. Hata Bi Chini. Aliniambia kwa miaka miwili alidhani ni mita ya umeme na akaona si adabu kuigusa. Ncha ya waya wa bluu, ile iliyokuwa imelala sakafuni karakana, ilikuwa nyeusi. Kijana aliiokota, akaitazama, akaitazama cherehani yake. Halafu akakaa chini sakafuni pale pale, mgongo ukutani, kama siku ile cherehani ilipoletwa. Mkewe alikwenda kukaa karibu naye.

Mvua ilichukua saa nzima. Kwa saa hiyo nzima nyumba yetu haikuwa na luninga, haikuwa na redio, simu hazikuwa na pa kwenda. Watu walitoka vyumbani mmoja mmoja, kwanza kukitazama kisanduku, kisha wakabaki. Walileta vigoda. Wa namba moja alichemsha chai kwenye jiko la mkaa. Nikajua, baada ya miaka minne, kwamba wa namba sita anafundisha hesabu na kwamba baba yake alikuwa fundi seremala niliyemfahamu. Alimwomba radhi Bi Chini kuhusu setilaiti. Bi Chini alimwambia setilaiti iko mbali, haina shati kwenye kamba. Watu walicheka, na mimi nilicheka, na kwa kweli sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia kicheko cha watu kumi mle ukumbini kikiwa hakitoki kwenye kioo.

Kesho yake walianza kuchangishana kununua kisanduku kipya. Nilitoa fungu langu, kwa uchungu.

Lakini kabla ya hapo, jioni ile mvua ilipokatika, mkwe alirudi karakana na sisi wengine tukabanana mlangoni kuona. Alichomeka gadi. Taa nyekundu, kisha kijani. Alichomeka cherehani, ikazungusha sindano zake zote sita kujikagua, ikatulia. Makoti matatu yalikuwa yamebaki. Alifunga la ishirini na mbili kwenye fremu, akalinyoosha kwa kiganja, akaweka kidole juu ya kitufe. Hakubonyeza. Aligeuka kumtazama mama mkwe wake.

"Hili ni dakika arobaini, mama. Lina jina na nembo," alisema. "Huko juu kukoje?"

Bi Chini alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Aliongea na Juu kwa kirefu kuliko kawaida, akamuuliza kuhusu mawingu upande wa pili wa kilima, akamuuliza kuhusu kuku, akamuuliza kama ameshaanua shati. Kijana alisubiri. Muda wote huo kidole chake hakikusogea, akimngojea mzee ambaye hajawahi kumwona amwambie aanze kazi.